Dawa Nimeanza, Mbona Ninazidi Kuugua?



Siku ile tulikuwa kwenye likelemba, chini ya mwembe, tukihesabu franka za mama ambaye zamu yake ilikuwa imefika. Mwenzetu mmoja, muuzaji wa ndakala, alikaa pembeni amejizungushia kitenge shingoni ingawa jua lilikuwa kali. Tulipomaliza kuhesabu, akakifungua. Upande wa kushoto wa shingo palikuwa na uvimbe kama limau dogo. Akasema: "Wamama, nilianza dawa za sida majuma matatu yaliyopita. Kabla ya dawa sikuwa na kitu hiki. Sasa nina homa kila jioni, na shingo ndiyo hii. Nyumbani wananiambia dawa inaniua, niiache."

Tukanyamaza. Tuseme ukweli: wawili kati yetu walikuwa tayari kukubaliana na watu wa nyumbani kwake, na waliobaki hawakuwa na la kujibu. Kesho yake asubuhi tulimsindikiza kwa muganga, na tangu hapo tumekuwa tukiuliza na kusoma. Yeye mwenyewe ameturuhusu kusimulia, bila jina wala mtaa, kwa sababu anajua kuna wengine wanaojifunga kitenge shingoni.

Dawa haileti askari

Virusi vya sida huingia katika chembe fulani za damu na kuziharibu. Chembe hizo huitwa CD4. Wengi tumezoea kuziita askari wa mwili, lakini kazi yake hasa ni ya mkubwa wa askari: ndiye anayepiga filimbi ili wengine waamke wapigane na kifua kikuu, nimonia na kuvu. Mtu mzima mwenye afya ana CD4 kati ya 500 na 1500 katika tone dogo sana la damu, milimita moja ya ujazo. Zikishuka chini ya 200, Shirika la Afya Duniani (OMS) linasema ugonjwa umefika mbali. Hapo hata magonjwa ambayo mwili wenye nguvu ungeyafukuza bila mwenyewe kujua, yanaweza kumlaza mtu.

Sasa dawa. Siku hizi wengi hupewa TLD, dawa tatu ndani ya kidonge kimoja, mara moja kwa siku. Jambo ambalo sisi wenyewe hatukulijua ni hili: kidonge hicho hakileti askari hata mmoja. Kazi yake ni kuvizuia virusi visizaane. Askari wanarudishwa na mwili wenyewe, na mwili una mwendo wake.

Kwa hiyo kuna mambo mawili yanayokwenda kwa mwendo tofauti. Virusi hupungua haraka. Kwa watu wengi wanaomeza dawa vizuri, ndani ya miezi 6 virusi katika damu vinakuwa vichache hata kipimo hakivioni. Askari nao hurudi polepole: kwa kawaida CD4 huongezeka kati ya 50 na 150 katika mwaka wa kwanza, tena kwa kasi zaidi miezi mitatu ya mwanzo, kisha kati ya 50 na 100 kila mwaka mpaka zifike mahali zitulie. Fanyeni hesabu wenyewe. Mama aliyeanza na CD4 60, akameza kila siku bila kukosa, anaweza kumaliza mwaka mzima akiwa bado chini ya 200. Hakukosea kitu, na dawa yake haijashindwa.

Tulipoambiwa hivyo, mama mmoja mkulima akasema, "Basi ni kama muhogo." Tukamwambia aeleze. Akasema: ukipanda vijiti vya muhogo, baada ya miezi michache unachuma majani ya sombe na jirani anasifu shamba lako. Lakini ng'oa shina uone, mizizi bado ni myembamba kama vidole. Mtu aliyeanza dawa hurudiwa na hamu ya kula, mashavu yanajaa, anapanda kutoka Moba-Port hadi Kirungu bila kukaa njiani. Hayo ni majani. Askari ni mizizi. Muganga tuliyekuwa naye alicheka, akasema ataiba mfano huo.

Wanafunzi waliojificha

Sisi tulio walimu tunaona jambo hili kwa macho ya darasa. Fujo inapotokea mjini, wanafunzi hawaji masomoni. Wengine wamejificha vijijini kwa babu na nyanya. Amani ikirudi, juma la kwanza darasa linajaa ghafla, lakini hao si wanafunzi wapya, ni wale waliokuwa wamejificha. Wapya watakuja mwaka hadi mwaka, wakizaliwa na kukua.

Ndivyo ilivyo katika mwili. Virusi vinapokuwa vingi, chembe nyingi za CD4 hukwama ndani ya tezi, zile za shingoni, kwapani na kwenye kinena, ambako vita vinapiganwa. Dawa ikituliza vita, chembe hizo hutoka na kurudi kwenye damu. Ndiyo sababu hesabu hupanda haraka miezi ya mwanzo. Baadaye ndipo kazi ya kufundisha askari wapya inapoonekana, na shule yao ni tezi moja iliyo kifuani, nyuma ya mfupa wa katikati, ambayo waganga huiita timusi. Kwa mtoto tezi hiyo ni kubwa na ina nguvu. Kadiri mtu anavyokuwa mkubwa inasinyaa. Hivyo mtoto hurudisha askari vizuri kuliko mama yake, na mama wa miaka 25 vizuri kuliko bibi wa miaka 60. Wapo pia watu ambao virusi vyao havionekani tena lakini CD4 zao hazifiki mbali hata baada ya miaka mingi, hasa waliochelewa sana kuanza. Hao hawaachi dawa. Bila dawa hata hizo chache zingekwisha.

Uvimbe ulitoka wapi?

Turudi kwa mwenzetu na shingo yake. Muganga alimuuliza maswali mengi: ulikuwa unakohoa? Ulikuwa unatoka jasho usiku? Ulikonda? Akajibu kwamba jasho alikuwa nalo, lakini alidhani ni joto la ziwa. Wakamchoma sindano kwenye uvimbe, wakatoa majimaji kidogo, wakapima. Kilikuwa kifua kikuu cha tezi.

Kifua kikuu hicho hakikuletwa na dawa. Kilikuwemo tangu zamani, kimelala, kwa sababu hapakuwa na askari wa kukipigia kelele. CD4 zake siku ya kuanza zilikuwa 62. Dawa ilipoanza kazi na askari wachache wakarudi, walimkuta adui ndani ya nyumba, wakaanza kupigana naye. Homa na uvimbe ni kelele za mapigano hayo. Waganga wanalijua jambo hili na wana jina lake refu la Kifaransa, ambalo hatutawachosha nalo. Halimpati kila mtu. Huwapata zaidi walioanza na CD4 za chini sana, na mara nyingi ni ndani ya miezi mitatu ya kwanza.

Tunalikazia hapa kwa sababu ndipo watu wanapopotea. Mgonjwa anaona kwamba kabla ya dawa alikuwa anatembea, baada ya dawa amelala. Familia inaona hivyohivyo, na vidonge vinatupwa. Kumbe aliyetupa dawa amewarudisha askari kifungoni, na kifua kikuu kimebaki peke yake nyumbani. Kwa mwenzetu muganga alimwambia aendelee na dawa za sida bila kukatiza, akamwanzishia dawa za kifua kikuu za miezi 6, na kwa kuwa moja ya dawa hizo hupunguza nguvu ya ile TLD, akaongezewa kidonge kingine kimoja cha dolutegraviri, ili dawa hiyo aipate asubuhi na jioni. Kwa wengine ambao uvimbe ni mkali, muganga huweza kuongeza dawa ya kutuliza. Hayo yote ni kazi ya muganga. Yetu sisi ni kumpeleka mgonjwa siku hiyohiyo, pamoja na vidonge vyake na kadi yake.

Ishara za kumpeleka bila kungoja soko liishe: homa isiyoshuka, kupumua kwa shida, uvimbe mpya, macho kuona giza. Na zaidi ya zote, kichwa kuuma sana siku baada ya siku, pamoja na kutapika au shingo kukakamaa. Hicho kinaweza kuwa kuvu kilichoingia kwenye utando wa ubongo. Mtu wa namna hiyo, kama bado hajaanza dawa za sida, hutibiwa kuvu kwanza majuma 4 hadi 6 ndipo aanze, maana askari wakirudi haraka ndani ya kichwa mapigano yenyewe yanaweza kumuua. Kwa hiyo ukisikia muganga amesema "ngoja kidogo", usiende kulalamika kwamba amemnyima mgonjwa dawa.

Majirani zetu walipimwa

Mnaweza kusema haya ni maneno ya watu wa mbali. Hapana. Kati ya mwaka 2013 na 2015, watu 1805 wa Uganda, Kenya, Malawi na Zimbabwe walioanza dawa wakiwa na CD4 chini ya 100 walifuatiliwa kwa karibu. Watoto kuanzia miaka 5 walikuwemo. Wote walipewa dawa za sida. Nusu walipewa kinga ya kawaida, ile kotrimoksazoli ambayo hapa wengi wanaiita Bactrim. Nusu nyingine walipewa kinga kubwa zaidi kwa majuma 12 ya mwanzo: kotrimoksazoli pamoja na dawa ya kuzuia kifua kikuu, dawa ya kuzuia kuvu, dawa ya bakteria kwa siku 5, na kidonge kimoja cha minyoo. Majibu yalitangazwa mwaka 2017. Baada ya majuma 24, katika kundi la kinga ya kawaida walikuwa wamekufa 12.2 kwa kila 100. Katika kundi la pili, 8.9 kwa kila 100. Watu watatu zaidi kwa kila mia walibaki na familia zao, kwa vidonge vya kawaida tu vya majuma 12.

Na kuna jambo jingine katika utafiti ule lililotukalisha kimya kuliko hilo. Karibu nusu ya watu wale, wenye CD4 chini ya 100, hawakuonekana wagonjwa sana. Walitembea, walifanya kazi. Ungewakuta sokoni ungesema ni wazima. Mwili unaweza kudanganya kwa pande zote mbili: mtu mwenye mashavu kumbe hana askari, na mtu aliyelala na homa kumbe askari wake ndio wanaanza kuamka. Kwa hiyo usimpime jirani kwa macho, na usijipime mwenyewe kwa kioo.

Ndiyo sababu siku ya kuanza dawa inafaa kuuliza: "CD4 zangu ni ngapi?" Si utovu wa adabu kumuuliza muganga hivyo. Jibu likiwa chini ya 200 anajua kwamba lazima atafute kifua kikuu na kuvu, na kukupa kinga. Pale ambapo hakuna mashine kubwa ya labo, siku hizi kuna kipimo kidogo cha tone la damu ambacho hakihitaji mashine: kinasomwa kwa macho, na ndani ya dakika 40 hivi kinaonyesha kama uko juu au chini ya 200.

Na kama hakuna hata hicho? Hapo pia majirani wametufundisha. Kuanzia mwaka 2003, Uganda na Zimbabwe zilifuata watu zaidi ya 3300 kwa miaka mingi. Wengine walipimwa CD4 mara kwa mara, wengine walifuatwa na muganga kwa macho, mikono na maswali tu. Baada ya miaka 5, katika kundi la vipimo watu 90 kwa kila 100 walikuwa hai, na katika kundi la pili 87. Vipimo vilisaidia kidogo, hatukatai. Lakini mama wa kijiji kisicho na labo asikubali kuambiwa kwamba dawa haitamfaa kwa sababu hakuna mashine. Kilichowafikisha wengi wao miaka 5 ni vidonge vilivyomezwa kila siku.

Mashavu yakishajaa

Hatari ya pili inakuja kwa upole. Mwaka umepita, mtu amenenepa, anaimba kwaya, hata kikohozi hana. Anajiuliza vidonge ni vya nini tena. Au anajiambia atapumzika kidogo, ataanza tena akiona dalili. Jambo hilo lilishajaribiwa mbele ya waganga, katika utafiti wa watu 5472 wa nchi 33. Baadhi walisimamisha dawa CD4 zilipopanda, wakaanza tena ziliposhuka. Mwaka 2006 ikajulikana kwamba waliosimamisha waliugua na kufa zaidi kuliko walioendelea, na utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake. Virusi havikufa, vilikuwa vimejificha ndani ya chembe zilizolala. Ukiacha kumeza, ndani ya majuma machache vimejaa tena.

Sisi wa Moba tuna sababu nyingine za kukatiza, na si zote ni uzembe. Wengi wetu tumewahi kukimbia. Wapo walioishi miaka katika kambi za Kala na Mwange huko Zambia, wakarudi kwa meli kutoka Mpulungu. Mwaka 2016 na 2017, vita vya Watwa na Waluba vilihamisha watu wengi katika jimbo letu. Na hata bila vita kuna safari: mume anahamia kambi ya wavuvi, mama anakwenda Kalemie kuuza maharagi, mtumbwi unangoja upepo utulie, siku tatu zinakuwa kumi. Basi mwambie muganga mapema. Mtu ambaye dawa imemkubali anaweza kupewa vidonge vya miezi mitatu, hata sita, badala ya kurudi kila mwezi. Vidonge husafiri mkononi, ndani ya kile kitambaa unachofungia franka, si ndani ya mzigo unaotupwa chini ya mtumbwi. Na kadi, au picha ya kadi kwenye simu, ili kituo kingine kijue umeanza nini na lini.

Aliyekatiza naye arudi. Tumesikia wamama wakiogopa kurudi kwa sababu ya kugombezwa. Ukigombezwa, nyamaza, pokea dawa. Lakini useme wazi kwamba uliacha na kwa muda gani, maana inabidi uangaliwe upya kama mtu anayeanza.

Kwa wajawazito na watoto

Mwenye mimba mara nyingi hupewa vidonge vya damu, yaani vya chuma. Vidonge hivyo, na vile vya kalisi, vikimezwa pamoja na TLD tumbo likiwa tupu huizuia dawa isiingie vizuri mwilini. Vimeze pamoja wakati wa chakula, bugali ukiwa mezani. Au meza TLD kwanza, vya chuma vifuate baada ya saa mbili. Hata baadhi ya dawa za kiungulia hukatiza TLD, kwa hiyo ulizeni kabla ya kununua. Ni jambo dogo, lakini hatukuwahi kuambiwa na mtu.

Mama ambaye virusi vyake havionekani tena hamwambukizi mumewe kitandani, na OMS inalisema hilo bila kigugumizi. Mtoto tumboni na kwenye ziwa hatari yake inashuka sana, ila lazima apimwe tangu majuma 6, kisha tena mpaka amalize kunyonya. Hapa hatutaki kungoja. Mtoto aliyeambukizwa asipotibiwa, nusu ya wenzake hawafiki miaka miwili. Afrika Kusini mwaka 2008 ilionyesha kwamba watoto wachanga walioanzishiwa dawa mara moja, bila kungoja waugue, vifo vyao vilipungua kwa robo tatu. Mkumbuke pia ile shule ya kifuani: kwa mtoto bado ni kubwa. Ukimwanzishia mapema, askari wake wanarudi wengi na wazima. Na usishangae kadi yake ikiwa na hesabu tofauti na yako, kwani CD4 za watoto wa chini ya miaka 5 huhesabiwa kwa sehemu ya mia.

Kuhusu unga na majani yanayouzwa sokoni kwa jina la "kuongeza askari": tumeuliza, na hakuna unga unaoongeza CD4 kama dawa inavyoziachia nafasi zipande. Ndakala, maharagi, sombe yenye mafuta, vinampa mgonjwa nguvu, na vinauzwa hapahapa kwa bei ndogo kuliko ule unga.

Mwenzetu alimaliza dawa za kifua kikuu. Uvimbe ulipungua taratibu, kuna kipindi uliongezeka tena akatupigia simu usiku akilia, tukamwambia usimwage kidonge, tunakuja. Baada ya mwaka mmoja alipimwa: virusi havionekani, CD4 161. Alikuja kwenye likelemba amekasirika. "Mwaka mzima," akasema, "nimeongeza 99 tu." Mama mmoja aliye mzuri wa hesabu akamwambia kwamba 99 katika mwaka wa kwanza ni katikati kabisa ya kile waganga wanachotegemea. Akafikiri kidogo, akauliza kama zamu yake ya likelemba haiwezi kusogezwa mbele, kwani anataka kununua nyavu mbili za kuanikia ndakala. Tukaisogeza.